Ishirini na Mitatu

Mlingoti haufi kwa shoka.
Nimekata, nimeuza, lori la nguzo limeondoka
likitafuna tope hadi Igowole,
na visiki vimebaki mlimani,
kila kimoja kimenyoosha vidole vya kijani
kama mtu anayedai chenji.

Siilaumu. Niliipanda mimi.
Ilinipa bati, ikamsomesha binti yangu Sikujua,
jina la marehemu mama,
na ndilo jibu nililotoa
wanawake waliponiuliza nani amekausha kisima.

Maana kisima kile kilijaza debe
kabla hujamaliza kamwene
na hali ya mifugo, na ya mgonjwa.
Milingoti ilipofika mwaka wa nane
tulianza kuteka kwa kikombe.
Ilipofika wa kumi
tulisalimiana mpaka salamu zikatuishia.

Sasa ni mivengi. Arobaini.
Mbegu nimeziokota kwa wakwe, mtoni,
nikazileta ndani ya mbeta
(ulanzi, tusidanganyane, niliumaliza njiani),
nikaziatika kwenye pakiti za maziwa
nyuma ya jiko, penye joto.

Kihwele kapita, redio kifuani.
"Utavuna lini?"
"Sitavuna."
"Kwa hiyo umepanda nini?"
Kacheka hadi redio ikapoteza stesheni.

Mwezi wa saba sakitu ikashuka.
Usiku nilitoka na kurunzi
nikaifunika nyasi, mmoja mmoja,
kama unavyofunika watoto wa mgeni
waliolala kwako.
Ikachukua kumi na mmoja hata hivyo.
Mbuzi wa Kihwele wakachukua sita,
wakila kwa adabu, kutoka juu kuja chini.

Ishirini na mitatu.
Haiko kwenye mistari. Nimechoka na mistari.
Mmoja umetoa jani jipya, jekundu,
laini kama sikio la mtoto wa siku mbili;
Sikujua aliporudi likizo alipima kwa rula,
akaandika ukutani kwa mkaa: sentimita kumi na nne.
Hakuniuliza kitu.

Leo nimeshuka kisimani.
Tope, na alama za miguu ya ndege.
Nimezamisha kiganja nikatulia,
ng'ambo mashine ya mbao inalia.
Nilipokitoa kilikuwa kimelowa.
Huenda ni jasho.

Nikapanda tena kilima, panga mkononi.
Visiki vilikuwa vinanisubiri,
vidole juu.