Kidirisha cha Jikoni

Nilianza na mlango.
Rangi sita, nilizihesabu kwa ncha ya kisu:
nyeupe ya wapangaji wa juzi, kijani cha serikali,
krimu, krimu tena, buluu iliyochubuka kama goti,
nyekundu ya kutu, na chini kabisa mbao.
Mwerezi. Bado unanukia siku uliyopasuliwa.

Fundi Mbuthia alisimama langoni, simu sikioni,
akasema: Mama, ng'oa yote. Nitakuletea alumini,
jipsamu darini, taili mpaka chooni,
wiki tatu unahamia.
Nikampa chai. Jibu sikumpa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, sitalificha.
Ukuta wa magharibi ulikuwa na ufa, nikaukandika simiti,
nikausugua ukang'aa, nikapiga picha nao.
Mvua za Aprili zikaja, ukuta ukatoka jasho.
Jiwe la zamani hupumua,
nami nilikuwa nimelifumba mdomo.
Siku kumi na moja, nyundo na patasi,
nikibandua nilichobandika,
viganja malengelenge, na maneno
ambayo mama hakunifundisha.
Kisha chokaa, laini kama uji wa mgonjwa:
tabaka, ngoja. Tabaka, ngoja.
Miaka thelathini na mbili wodini
nilidhani najua kungoja.

Alasiri upepo hushuka kutoka Menengai
na vumbi lake, likatua juu ya kila nilichopaka
kabla hakijakauka. Nimeliacha.
Ni mwenyeji wa Nakuru kuliko mimi.

Dirisha la mbele lilikuwa na vioo vitatu vya kale,
vya mawimbi: paka akipita nje, hupita mara mbili.
Sasa ni viwili.
Cha tatu nilikaa nacho sakafuni, vipande mapajani,
mpaka giza likaingia.

Kisha jikoni.

Kati ya jikoni na chumba cha kulia kuna kidirisha,
upana wa sinia, chini ya kifua.
Sahani zilipita hapo. Mikono ilipita.
Uso haukupita.
Babu yangu Asiligwa alitoka Maragoli
na viatu vya kuazima,
akampikia bwana wa reli hapa miaka kumi na tisa,
asijue hata siku moja
pazia la upande wa pili lilikuwa la rangi gani.
Alijua kengele. Alijua mlio wa uma
ukiwekwa chini na mtu asiyeshiba.

Ziba, akasema Mbuthia, linaaibisha.
Ziba, akasema dada yangu Kadenyi, na hakutaka kuliangalia.
Binti yangu akasema kwenye simu: Bomoa, mama,
jikoni za siku hizi hazina ukuta.
Nyundo nilikuwa nayo mkononi.

Nikapiga msasa fremu kwanza. Mazoea tu.
Upande wa jikoni, chini ya ubao wa kuegemea sahani,
pale ambapo ni mpishi tu angepapasa,
rangi ilipotoka vidole vikakwama kwenye mikwaruzo:
minne, na mmoja wa kukatiza.
Minne, na mmoja wa kukatiza.
Nikaleta taa. Nikalala chali chini yake kama fundi wa gari.
Mia mbili ishirini na nane.
Nikagawa kwa kumi na mbili,
nikagawa tena, kwa penseli, ukutani,
juu ya chokaa yangu mbichi.

Sikuziba. Sikubomoa.
Nimepaka mafuta ya kitani, basi,
na bawaba nimeziacha zilie.

Paa linavuja juu ya chumba cha pili.
Mbuthia siku hizi huja bila kuitwa,
hushika randa, hasemi habari za alumini.

Jumapili Kadenyi alikaa chumba cha kulia, peke yake mezani.
Nikapitisha ugali hapo. Nikapitisha mrenda.
Kisha nikainama, nikaingiza kichwa kizima, mabega yakagoma,
nikamwuliza: Hilo pazia nyuma yako, rangi gani?

Akageuka, akalitazama kwa muda mrefu.

Njano, akasema, mdomo umejaa.