Kipimo

Shati la ibada lilianza kukataa kifungo cha juu.
Nikailaumu sabuni, nikakisogeza nusu inchi,
kazi ya dakika tatu. Mimi ni fundi.

Sikio la kushoto lilikuwa limeziba tangu masika.
Cherehani niliisikia kama inashonea nyumba ya pili.
Aikaruwa akatia mafuta ya kitunguu swaumu,
duka la dawa likatoa amoksilini,
mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Damu kidogo kwenye leso asubuhi:
vumbi la Kiborloni, tulisema.
Vumbi hubebeshwa makosa mengi hapa Moshi.

Hospitalini, Daktari Mshiu akanishika shingo kwa vidole viwili
jinsi nishikavyo kitambaa nisichokiamini.
"Hapa. Na hapa. Na huku kulia, kadogo."
Huku kulia sikuwa napajua.

Akapitisha puani uzi wenye jicho
hadi nyuma kabisa, pua inapokutana na koo,
mahali ambapo miaka hamsini na miwili
pumzi yangu imepita bila hodi.
Kwenye kioo nikaiona nyama imetulia, kama mgeni
aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.
Akanyofoa kipande kidogo kuliko kifungo cha nguo ya mtoto.
Maabara ikakaa nacho siku kumi na moja.

Saratani. Nilidhani jina ndilo mwisho.
"Bado," akasema. "Tumejua ni nini.
Hatujajua imefika wapi."

Basi nikalazwa ndani ya pete kubwa nyeupe,
dawa ikapita mshipani na joto lake la aibu,
kama nimejikojolea,
wakatafuta chini ya fuvu, mapafu, ini.
Maisha yangu yote nimepima watu:
bega, kiuno, mguu, pumua kawaida mzee, usivute tumbo.
Sikujua kwa nini huvuta.

Ini safi. Mapafu safi. Mfupa umeguswa pembeni.
Tezi pande zote mbili, kubwa yake sentimita nne.
"Hatua ya tatu," akaandika herufi na tarakimu
kama niandikavyo mimi kwenye daftari la wateja.
Nikauliza: ile nusu inchi ya kifungo,
ningeileta siku ile ile?
Akafunika kalamu. Hakujibu haraka.

Jumamosi kijana Anaeli alikuja kupimwa suti ya harusi.
Nilipofika kwenye kola
vidole vikakawia chini ya taya, kushoto,
kisha kulia.
"Fundi, mbona unanipapasa?"
"Napima," nikasema.