Risiti ya Haraka

Kibanda namba nne, Kajjansi.
Kioo kina tundu la upana wa kiganja,
na kupitia tundu hilo nauza haraka
kwa shilingi elfu tano.

Mkono huja, noti huja, kizuizi huinuka.
Sura sizijui. Naijua mikono.
Wenye saa ya dhahabu huitupa noti.
Wa fundi una saruji kwenye kucha,
na noti yake imekunjwa mara nne kama hirizi.
Kuna mmoja, wa kike, hunishika vidole kidogo
kila Ijumaa, na hasemi kitu.

Kiganda cha kusalimia, Kiingereza cha ripoti,
lakini fedha nazihesabu kwa Kiswahili,
lugha ya baba, Sajini Masereka,
aliyeapa kwamba hesabu ya Kiswahili
haipotei gizani.
Mia mbili thelathini na moja. Mia mbili thelathini na mbili.

Saa mbili usiku navua koti la kung'aa,
nashuka kwa miguu hadi barabara ya zamani,
ile ya bure,
ambako taa nyekundu zimepangana kama makaa
yasiyoivisha chochote.
Hadi Seguku natembea, maana miguu ina kasi zaidi.
Naipita Prado moja iliyozikwepa elfu tano zangu.
Dereva anajifanya anasoma simu.

Juzi lilifika gari la jeneza.
Mzee Mutyaba, kanzu imetota jasho mgongoni,
akainama kwenye tundu langu:
"Binti, huyu aliyelala nyuma ana haraka gani?"
Nikafungua kitabu cha viwango.
Lori limo. Trela limo. Trekta, pia.
Marehemu hakutajwa.
"Basi turudi," akasema, "atapita alikozoea."
Na wakaanza kurudi nyuma,
na nyuma yao honi, matusi, mikono nje ya madirisha,
gari kwa gari, mpaka kwenye mzunguko,
dakika kumi na moja
haraka yote ya Kampala ikienda kinyumenyume
kumpisha mtu asiyekuwa nayo.

Sasa kuna tangazo limebandikwa juu ya birika:
njia za kulipia zitarefushwa,
mbili zaidi kila upande, kuvuka kinamasi,
na vibanda vipya kumi na viwili.
Mchoro ni wa rangi. Miti imo, na mtoto mwenye puto.
Nilivitazama vibanda kwa karibu.
Havina viti.
Nikamuuliza msimamizi, Bi Atuhaire,
"Mtu atakaa wapi?"
Akaipuliza chai yake muda mrefu
kuliko chai inavyohitaji.

Kwetu Busega wapimaji wamekwisha kupita.
Wamepiga vigingi katikati ya magimbi ya Kevina,
vichwa vyake vyekundu, kila hatua ishirini.
Hakuving'oa. Kila jioni huvimwagilia
pamoja na magimbi.
"Vimepandwa shambani mwangu," anasema,
"vikiota, nitauza."

Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuipita,
miaka mitatu kibandani.
Kuiuza, ndiyo.
Jana Okwir wa breki dauni akanifungulia mlango:
"Panda, Biira, naelekea kwenu."
Lami ilikuwa kimya. Mafunjo yalikimbia kando.
Sikuona kibao hata kimoja cha chapati,
wala mtu ninayemfahamu.
Kabla sijamaliza kufunga mkanda vizuri
tulikuwa Busega.

Mlango ulikuwa na kufuli.
Ufunguo anao mwanangu, na mwanangu
alikuwa bado kwenye masomo ya jioni,
kwa kuwa anajua saa ninayofika.
Nikakaa kizingitini, mkoba mapajani,
na dakika sabini mkononi,
chenji ambayo sikujua
niiweke wapi.