Neno Lililokosa Kiti

Kazi yangu Milimani ni kubeba maneno
kutoka kwa jaji hadi kizimbani, yasimwagike.
Siku hiyo wakili akatupa "skwota"
na jaji akanitazama: mwambie mama kwa Kiswahili.

Kamusi ya kichwani ikafunguka vibaya.
Kuchuchumaa: wafanyavyo vijana wa Kilimani
mbele ya kioo, chuma begani,
wakilipia kwa mwezi maumivu ya magoti.
Kuchutama: choo cha shimo, mlango wa gunia.
Mlowezi? Hapana, hilo tuliwapa waliokuja na ramani.
Mvamizi lina panga ndani yake.

Mama Kwamboka alikuwa akingoja,
mfuko umejaa risiti za maji.
Nikasema, kwa sauti ndogo,
"Wanasema umechuchumaa kwenye ardhi ya watu."

Akacheka. Karani akaacha kupiga taipu.

"Waambie ni kweli.
Nimechuchumaa Mukuru miaka thelathini na moja,
nikipuliza jiko, nikifua nguo za wenyewe.
Moraa nilimzaa hivyo hivyo, stima zimepotea.
Na tingatinga lilipong'oa mabati saa tisa usiku,
muungwana akivuliwa nguo, afanyeje?"

Nilijua methali inavyoishia.
Wakili hakujua; alikuwa akisubiri Kiingereza.

Huko kwao, huyo wa methali na huyo wa kesi
wanaitwa kwa neno moja.
Nikalirudisha lilikotoka,
zito kidogo kuliko lilivyokuja.