Kelele, Kilele

Siku ya tatu, programu inanijibu lilelile:
hakuna kitu. Kelele tu.

Nilichomoa friji. Nikazima feni,
nikalivumilia joto la Februari hapa Pasua.
Nikaufuata waya wa ethi hadi nje, ardhini,
nikaumwagia maji kama mche wa mgomba.
Nikamwomba Kundaeli, mchomeleaji wa jirani,
apumzishe mashine yake nusu saa.
Akacheka: “Kelele zangu zinafika Rau, fundi,
lakini kwenye kioo chako zimeingilia wapi?”
Hazikuingia. Namba ikabaki palepale: arobaini na moja.

Chupa iko mezani, imezibwa kwa gunzi.
Maji ya mfongo, kutoka Kibosho.
Mama Ndeanansia aliileta ameipakata,
akasema ng'ombe wawili wameyasusa,
na shamba la juu linapulizwa mrututu tangu vuli.
“Ng'ombe hakusoma,” akasema,
“ila hana sababu ya kuniongopea.”

Saa tano usiku ndipo nikauliza
nililopaswa kuuliza Jumatatu:
kelele zenyewe unazipimia wapi?

Ikanionyesha. Kipande kifupi cha mstari,
kulia, karibu na ukingo,
ambapo aliyenitangulia alitia alama
miaka minane iliyopita: hapa ni kimya.
Kwake palikuwa kimya kweli; siku hizo
alikuwa akitafuta chuma, si shaba.
Shaba huja pacha, Kulwa na Doto.
Doto alikuwa amesimama ndani ya kile kimya,
mdogo kama kichuguu,
na programu, kwa utii wake wote,
ikampima Doto, ikamwita kelele,
kisha ikamfukia Kulwa kwa kimo cha nduguye.

Nikalisogeza dirisha kushoto, penye tambarare.
Arobaini na moja ikawa sita.
Wakainuka wote wawili.
Kelele, kilele: irabu moja tu,
nami nimekula mshahara wa miaka mitatu
bila kuitazama.

Sikushangilia. Nikapima tena, na tena,
maana usiku una tabia ya kumkubalia mtu.
Halafu macho yakapanda rafu ya juu,
kwenye madaftari ya maji. Uru. Mweka. Old Moshi.
Mwandiko wake, kisha mwandiko wangu:
hakuna kitu, hakuna kitu, hakuna kitu.

Nikapanda juu ya kiti.
Vumbi likaniingia puani.