Karani wa Mishahara

Nilikuwa karani wa mishahara miaka thelathini na mmoja,
kinu cha karatasi, ukingo wa Mto Kymi, Ufini.
Kila mwisho wa mwezi wino uliniganda kuchani,
hata mvuke wa sauna haukuutoa.

Mnauliza fungu letu lilikwenda wapi,
kana kwamba ni kuku aliyeibwa usiku.
Hakuna aliyevunja mlango. Nilikuwepo. Nilihesabu.

Kwanza ilikuja mashine namba tano, ndefu kuliko kanisa letu,
ikameza kazi ya watu arobaini na kudai grisi tu.
Wanane waliobaki niliwaandikia nyongeza.
Eino Pulkkinen alinunua boti ya injini, akacheka wiki nzima.
Na kweli, kiganja chake kilijaa,
ila kapu lilitanuka upesi kuliko viganja:
yeye akapata zaidi, sote kwa pamoja tukapata sehemu ndogo.
Sikuweza kumweleza. Alikuwa anaipaka boti rangi.

Kisha mkurugenzi mpya, sauti laini kama siagi,
aliitaja mikaratusi ya Uruguai
mara moja tu, katikati ya majadiliano,
halafu akatumiminia kahawa.
Chama chetu, kilichowahi kukizima kinu wiki saba,
kilitia saini kabla vikombe havijapoa.

Lakini msidhani nalilia zama.
Mwaka wa tisini na moja, wateja wa mashariki walipotoweka,
faida ilikauka kwanza, mishahara ikachelewa kuanguka,
na katika jedwali langu fungu la wafanyakazi
lilipanda juu kuliko mwaka wowote.
Nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu.
Nje, foleni ya supu ililizunguka jengo la posta.
Fungu nono
la sufuria tupu.

Siku hizi ndani ya kinu zinavuma kompyuta za watu wa mbali.
Zinakunywa mto uleule, zinautema ukiwa vuguvugu;
barafu haishiki tena chini ya daraja.
Mlinzi ni mmoja, Joonatan, mjukuu wa Eino.
Anasema wanamlipa vizuri. Namwamini.
Nilimwomba anionyeshe hati yake ya mshahara, mazoea tu,
nikaisoma, nikaikunja mara nne, nikamrudishia.

Kalamu nyekundu ningali nayo.
Sikujua pa kupiga mstari.