Mpaka

Saa nane za usiku. Langoni kumelala,
hata punda wamenyamaza uchochoroni.
Mimi na kucha zangu tuko macho.
Nakuna viwiko, nakuna nyuma ya magoti,
nakuna mpaka raha igeuke moto,
na asubuhi shuka ina madoa
utadhani nililala na komamanga.

Barke mpaka piko, ndivyo wanavyoniita.
Mikono ya maharusi naifanya bustani,
yangu naificha ndani ya buibui
kama deni.

Kila mtu alikuwa na dawa.
Bi Mwanatumu: mwarobaini, uchemke hadi uwe mweusi.
Shemeji yangu: ndimu na chumvi.
(Nililia. Sijamsamehe.)
Jirani wa juu: hilo ni jicho, fukiza.
Nikafukiza. Nikanywa kombe.
Nikaacha kamba, nikaacha pweza, nikaacha mayai,
nikaacha hata mahamri, masikini,
na ngozi isijue kwamba nimefunga.
Dukani wakaniuzia krimu isiyo na jina:
siku tisa nikang'aa,
ya kumi ukarudi, na riba juu.

Tena maji. Kisima chetu kina chumvi,
ukioga unatoka umekakamaa kama ng'onda.

Muuguzi Kaingu hakushtuka.
Alinishika mkono, bila glavu,
akaugeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha.
Dawa ya kwanza ilikuwa hiyo,
na haikuandikwa kwenye cheti.
"Ni ukurutu. Hauambukizi. Wala hautaondoka kesho.
Huu hufugwa, kama paka mkorofi.
Nyinyi wa Lamu paka mnawajua.
Na paka huyu dawa yake ni kupaka."
Akacheka peke yake. Kisha:
"Ila piko uache."
"Piko ndiyo unga wangu."
"Basi chora kwa hina tupu, unga usitafute kwenye sumu."

Sasa naoga maji ya mvua, ya birika,
yale wanamocheza visamaki vya marehemu baba.
Vuguvugu, upesi, sabuni isiyonukia.
Sijisugui; najigusa na taulo
kama mtu anayefuta machozi ya mtoto.
Na kabla ngozi haijakauka, mafuta mazito,
mengi, bila ubahili, kama fundi akandikavyo ukuta.
Dawa yenyewe, ile ya cheti,
ni ncha ya kidole tu, penye wekundu tu,
kwa siku alizonihesabia.
Usiku ukichachamaa nalowesha leso chakavu,
naikamua, naifunga mkononi.
Jina lake limefutika nusu:
SUBIRA YANGU SI
Si nini, sikumbuki.

Juzi aliletwa Bishara, harusi yake Alhamisi.
Mkono mmoja alinipa. Wa pili aliukalia.
Nikamwambia, huo nao.
Kwenye kiwiko, ramani ninayoijua njia zake zote.
Mama yake akaanza: "Ipake piko, izibe..."
Nikasema hapana, na sauti yangu ikanishangaza.
Nikachanganya hina, nikachora kikonyo
kikapanda, kikafika karibu na kidonda,
kikazunguka kwa mbali, kwa adabu,
kikaendelea na safari yake begani.
Pale katikati sikugusa.
Bishara akapaangalia kwa muda mrefu.
"Ni uwanja," akasema.

Usiku huu unarudi, kwenye kifundo cha mkono,
kwa kunong'ona.
Nawasha taa. Nafungua kopo.
Si vita tena, si amani pia.
Ngozi ni mpaka, nami ndiye mpaka,
napaka.